Neno Dogo Kwenye Hati ya Bi Sakina

Binti mmoja wa hapa Hodge Hill aliniambia juzi, baada ya ibada, kwamba yeye humfasiria bibi yake kwa daktari kila mwezi na hajawahi kukwama hata neno moja. Alisema hivyo kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini kinywani hakimtoki. Nikamwambia, "Basi, mjukuu wangu, umekwama mara nyingi, ila hujajua." Akacheka. Mimi sikucheka, na ndiyo sababu nimekaa kuwaandikia, yeye na ninyi wenzake mnaosukumwa mbele ya madaktari na mawakili kwa kuwa mna lugha mbili.

Kazi hiyo niliifanya hapa Birmingham hadi nywele zikaniisha. Nilitoka Taita kijana, katikati ya miaka ya sitini, nikiwa na cheti cha taipu na koti ambalo baridi ya huku ililicheka. Ofisi moja ya mawakili, ambayo jina lake naliacha, ikanipa kazi ya kunakili hati. Kisha wakaanza kufika Wahindi wa Kenya, familia kwa familia, na ikaonekana kwamba akina mama wengi wa Mombasa na Nairobi walikuwa na Kigujarati au Kikachi nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza cha salamu tu. Pale ofisini hakuna aliyejua Kikachi. Kiswahili nilikuwa nacho mimi. Siku moja nikaitwa chumba cha wakili, nikaambiwa, "Elistoni, mwulize mama huyu anataka nini," na nilipotoka mle nilikuwa mkalimani. Hakuna aliyenifundisha. Walidhani mtu mwenye mikono miwili tayari anajua kupiga ngoma.

Makosa ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Hospitali moja upande wa Edgbaston waliniazima kwa asubuhi moja nikamsaidie mzee wa Kiunguja, baharia mstaafu. Muuguzi akamwuliza swali ambalo wagonjwa huulizwa kila siku, kama tumbo limefunguka. Lakini kwa Kiingereza matumbo, "bowels", na mabakuli, "bowls", husikika karibu sawa, na mimi nilikuwa sijawahi kulazwa. Nikamwambia yule mzee, kwa adabu zote, "Mzee wangu, muuguzi anauliza kama leo umefungua mabakuli." Mzee akaitazama meza ya kitandani, akanitazama mimi, akasema, "Mwambie chakula chenyewe hakijaletwa." Nikafasiri vivyo hivyo. Muuguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake, na hadi leo sijui aliandika nini.

Kisa hicho nilikisimulia miaka mingi kwenye harusi na Krismasi, na watu wakavunjika mbavu. Kisa ninachotaka kuwapa leo sijawahi kukisimulia. Mke wangu alikijua nusu.

Ofisini kwetu palikuwa na mama wa Kiingereza aliyeitwa Miss Palmer, karani mkuu wa hati, karibu kustaafu, mwembamba, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo. Ndiye aliyekuwa akikagua kila nilichonakili. Alikuwa na msemo wake kwamba maneno makubwa ni kama mbwa wakubwa: unawaona kwa mbali, unajihadhari. Anayekuuma ni kambwa kadogo kaliko chini ya kiti. Mezani kwake palikuwa na kamusi nzito, jalada lake limeshikwa kwa gundi, na kila nilipomletea nakala aliniuliza, "Umelitazama neno gani leo?" Nikikosa jibu alinirudisha kwenye kamusi kama mtoto. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimevaa tai, na jambo hilo liliniudhi. Nilijiona nimeshahitimu.

Sasa Bi Sakina. Alikuwa mama wa makamo kutoka Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Mume wake, Bwana Hasanali, alikuwa fundi cherehani. Miezi michache tu baada ya kufika Birmingham alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, akawa wa kiti cha magurudumu. Walikuwa wamenunua kinyumba mtaa wa Stechford, kimoja katika safu ya nyumba zilizoshikana. Mbele kulikuwa na ngazi tisa za mawe hadi barabarani. Nyuma kulikuwa na kiua, na kutoka kwenye kiua uchochoro ulipita ubavuni mwa nyumba ya jirani, tambarare kabisa, hadi mtaa wa nyuma. Kwa uchochoro ule Bi Sakina alimsukuma mumewe kila siku isiyo na mvua, wakaenda dukani karibu na stesheni ya treni, ambako wazee wengine wa Afrika Mashariki walisimama kuzungumza. Bwana Hasanali hakuweza kusema vizuri tena, lakini alisikiliza, na wenzake walimwekea nafasi ya kiti chake penye jua.

Siku moja mwishoni mwa vuli, jirani akaweka lango la mbao kwenye uchochoro na kufuli juu yake. Jirani huyo aliitwa Bwana Perks, Mwingereza mjane, mfanyakazi wa kiwanda. Bi Sakina hakuwa na Kiingereza cha kumwuliza. Akachukua karatasi zote za nyumba, akazifunga kwa leso, akaja ofisini kwetu.

Wakili alikuwa na watu watatu wakimngoja. Akaifungua ile hati ya zamani zaidi, akaipitia juu juu, akaniwekea kidole kwenye kifungu cha njia. "Msomee kinavyosema," akaniambia, "kisha unieleze anataka kufanya nini." Akatoka.

Hati yenyewe ilikuwa imenakiliwa kutoka hati nyingine kongwe zaidi, ya enzi ambapo Stechford ilikuwa mashamba, na mnakili alikuwa ameacha maneno kama alivyoyakuta. Kifungu kilihusu mwenye ile nyumba ya jirani na watu wa nyumba hii ya Bi Sakina. Kitenzi chake kilikuwa neno fupi la herufi tatu: "let". Nani asiyelijua neno hilo? Nilifundishwa darasa la tano. Ni kuruhusu. Wakati mwingine ni kupangisha nyumba. Nikamfasiria palepale, bila hata kuvuta pumzi: "Mwenye nyumba ile asiwaruhusu watu wa nyumba hii, wala mifugo yao, wapitapo katika njia ile."

Hapo nataka mnisikilize vizuri, kwa maana hili ndilo la ufundi. Ile sentensi ilichechemea. Niliisikia ikichechemea mdomoni mwangu. Asiwaruhusu, wapitapo? Kama hawaruhusiwi, wanapitaje? Na kwa nini mtu aandike hati ndefu hivyo kuhusu njia, kisha aseme hakuna njia? Lakini sikurudi nyuma. Niliipa mkongojo. Nikamwambia, "Yaani, Bi Sakina, hati inakataza msipite."

"Inakataza sisi?"

"Ninyi, mama."

"Na huyu bwana tumekuwa twapita kwake siku zote hizi, na hakusema neno?"

"Labda hakujua. Sasa amejua."

Alijifunika vizuri mtandio wake, nikaona ameona haya, kama mtu aliyekutwa shambani kwa watu. "Basi mwanangu, mimi sitaki kesi katika nchi ya watu. Mwandikie. Mwambie hatukujua, na hatupiti tena. Mwandikie kwa heshima."

Ukanijia moyoni ushauri wa Miss Palmer. Kamusi ilikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokuwa. Lakini Miss Palmer alikuwa ameketi palepale kwenye meza yake, na mimi sikutaka mama wa Mombasa anione nikitumwa kutafuta neno la herufi tatu. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine.

Niliiandika barua. Kusema kweli niliiandika vizuri sana. Nilisema kwamba familia ya Bwana Hasanali wanaomba radhi kwa usumbufu, na kwamba hawadai njia ile wala hawaihitaji tena. Hilo la "hawaihitaji" niliongeza mwenyewe, kwa kuwa lilileta mlio mzuri. Wakili aliporudi akauliza, "Ameridhika?" Nikasema ameridhika. Akatia sahihi.

Majira ya baridi yakapita. Mwezi wa Februari nilipeleka pasipoti yangu ofisini ili inakiliwe na kuthibitishwa. Miss Palmer akaifungua ukurasa wa kwanza, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya kuigiza yale maneno ambayo serikali huomba mataifa mengine yampokee mwenye pasipoti. Alipofika mahali panaposema apite "without let or hindrance", akasimama.

"Na hii maana yake nini, Elistoni?"

"Bila ruhusa wala kizuizi," nikasema.

Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Hakucheka kwa ubaya. Akaivuta ile kamusi, akaigeuza inielekee, akaniambia niketi. Ndipo akanieleza, kidole chake kikitembea kwenye maandishi madogo, kwamba zamani sana Waingereza walikuwa na vitenzi viwili tofauti kabisa. Kimoja kilimaanisha kuacha, kumwachia mtu afanye, na ndicho tunachokitumia leo. Kutokana na kumwachia mtu kitu kikapata pia maana ya kumpangisha nyumba. Cha pili kilitokana na neno la kuchelewa, na maana yake ilikuwa kumchelewesha mtu, kumzuia, kumkwamisha. Vinywa vya watu vikavilainisha, karne baada ya karne, mpaka vyote viwili vikawa sauti moja, "let". Ndugu wa mbali, waliozaliwa nyumba mbili, wakajikuta wanaitwa jina moja nyumba moja. Kwa muda mrefu watu walivitumia vyote viwili, na aliyesikia alitambua kwa mazingira ya maneno. Baadaye kile cha kuruhusu kikamshinda mwenzake nguvu, na kile cha kuzuia kikafa. Kilibaki kwenye pasipoti, kwenye mchezo wa tenisi mpira unapogusa wavu, na, akasema, akiifunga kamusi, "kwenye hati za zamani. Huko ndiko kambwa kalikojificha."

Msiwacheke Waingereza. Na sisi tuna kuazima. Ukisema "niliazima baiskeli", nani alitoa na nani alipokea? Lugha yoyote ina chumba chake cha giza.

Lakini mimi nilikuwa sisikii tena. Nilikuwa nimerudi kwenye kifungu. Asiwazuie watu wa nyumba hii, wala mifugo yao, wapitapo katika njia ile. Sentensi haikuchechemea tena. Ilitembea wima.

"Mbona umebadilika?" Miss Palmer akaniuliza. "Umeliona mahali?"

Nikasema, "Hapana. Nashangaa tu."

Wanangu, kosa la kwanza lilikuwa la ujinga. Hili la pili ndilo linaloniamsha mpaka leo. Ofisi ilikuwa imeniambia kwamba itanipa cheo cha mkalimani rasmi, na mlango wenye jina langu. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikajiambia kwamba baridi bado ni kali, mgonjwa hatoki nje hata hivyo. Machi nikajiambia labda Bwana Perks angekataa tu. Mtu anayetaka kunyamaza hakosi wakili ndani ya kichwa chake.

Nilikutana na Bi Sakina Aprili, dukani kule Stechford. Alikuwa peke yake. Wale wazee walikuwa wamesimama nje penye jua. Nikamwuliza hali ya mzee.

"Yupo," akasema. "Yuakaa dirishani. Vijana wa msikitini walimteremsha ngazi mara moja, siku ya Idi, watu wanne, akaogopa, akalia. Hataki tena." Kisha akaingiza mkono kikapuni, akanipa mfuko wa kaimati alizokuwa amempikia mgonjwa mwingine. "Chukua, mwanangu. Wewe ulitusitiri. Lau si wewe tungalipelekwa mahakamani."

Nilizichukua. Nilizila kwenye basi, zote, kwa haraka, kama mtu anayeficha ushahidi.

Na bado sikusema.

Bwana Hasanali alifariki Juni, kiharusi cha pili, akiwa pale dirishani. Nilikwenda mazikoni kama watu wengine. Zile ngazi tisa zilikuwa nyembamba na zenye kona, na wabeba jeneza walisimama mlangoni wakibishana jinsi ya kuligeuza. Ndipo Bwana Perks akatokea kwenye kiua cha nyuma, amevaa suti nyeusi, kofia mkononi. Akaliendea lile lango, akatoa ufunguo, akalifungua wazi, na kulikingia tofali lisirudi. Jeneza likapita uchochoroni, tambarare, bila mtikiso.

Watu walipokuwa wakitoka, alinikaribia, maana aliniona na tai akajua nina Kiingereza. "Masikini," akasema. "Nilimzoea akipita hapa. Wezi waliniibia vyombo vya kazi kibandani, ndiyo maana nikaweka kufuli. Nilikuwa nimewachongea ufunguo wao. Uko jikoni kwangu mpaka leo. Kisha ikaja ile barua kwamba njia hawaihitaji, nikaona wana fahari zao, nisiwaingilie."

Nilisimama na kumtazama. Yeye akadhani nimeguswa na msiba, akanishika bega.

Hakukuwa na adui katika jambo lile. Kulikuwa na ufunguo jikoni na barua yangu nzuri.

Nilimwambia wakili Jumatatu yake. Alisema kwamba na yeye alipaswa kukisoma kifungu hadi mwisho, jambo lililokuwa kweli, na ambalo sikulipokea kama nafuu. Alitaka kumwandikia Bi Sakina. Nikamwomba aniache niende mwenyewe kwanza. Miss Palmer alisikia yote kupitia mlangoni. Nilipopita mezani kwake aliisogeza kamusi kando, akainama kwenye kazi yake. Heri angenifokea.

Bi Sakina alinipokea sebuleni. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimekunjwa ukutani. Nilimweleza neno, vitenzi viwili, hati, ufunguo wa Bwana Perks. Nilieleza sana. Mtu mwenye hatia huwa mwalimu mzuri. Alinisikiliza, mikono mapajani, mpaka nikaishiwa.

"Kwa hivyo hati yasema asituzuie," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukasoma kinyume."

"Nilisoma kinyume."

Akatikisa kichwa polepole. "Kiingereza ni lugha ya watu. Hata mimi ningekosea. Kosa la neno nimekusamehe, Elistoni, Mungu shahidi." Nikaanza kupumua. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile, "Uliyajua haya lini?"

Ningeweza kudanganya. Niliona nafasi ya kudanganya, pana kama barabara.

"Februari," nikasema.

Akafunua kiganja chake, akahesabu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi. Februari. Machi. Aprili. Kwenye Aprili akasimama na kunitazama, na nilijua ameukumbuka ule mfuko wa kaimati. Mei. Juni. Akakifumba kiganja.

"Chai yako yapoa," akasema.

Nikainywa. Hakuniambia niondoke. Niliposimama, alinisindikiza hadi mlangoni, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

Cheo nilikikataa, lakini kazi sikuiacha. Waliponijia Wahindi wa Uganda, wakiwa na masanduku na hofu machoni, nilikuwa nimejifunza kusema maneno mawili ambayo nawaomba myaandike mahali mtakapoyaona: "Ngoja nitazame." Nilitazama maneno ya herufi tatu, mbili, moja. Wengine walinidharau, mkalimani gani huyu asiyejua hata maneno ya watoto. Niliwaacha wanidharau. Na kila nilipogundua nimekosea, nilisema kabla ya jua la siku hiyo kutua, hata kama ni kwa simu, hata kama mtu alikwisha kunishukuru. Watu wanasema huo ndio uaminifu wa kazi. Mimi najua nilivyoupata na nani aliulipia.

Karibu na mwisho wa miaka ya sabini niliitwa hospitali, mama mmoja wa Mombasa ana miadi na daktari wa moyo. Sikutajiwa jina. Nilipofungua mlango nikamkuta Bi Sakina ameketi, mtandio mweupe, mkoba magotini. Alinijibu salamu vizuri, akaniuliza habari za mke wangu. Kisha akamgeukia daktari, akasema kwa Kiingereza, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "Thank you. No need this man. I speak."

Nilitoka nikaketi kwenye benchi la nje. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia akieleza maumivu ya kifua, kisha akafika mahali akakwama. Alikuwa akitafuta neno la kizunguzungu. Alisema kichwa, akasema nyumba, nyumba inazunguka, akaanza upya. Mimi neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa hatua nne kutoka alipokuwa.

Nilibaki nimeketi. Daktari akangoja. Na Bi Sakina akaendelea kulitafuta, bila haraka, mpaka akalipata mwenyewe.